Bastola ya Jirani

Midrand, 2 Septemba 2024

Capitoline, bibi harusi wangu niliyenyang'anywa na vijana,

Kabla hujasoma, geuza karatasi hii. Umeyaona hayo matundu kumi? Yamebanana hivi kwamba kifuniko cha soda kinayafunika yote. Ni mimi huyo. Mita kumi, mkono mmoja, na ule mwingine nimeuweka kiunoni kama mtu anayengoja chai. Hivyo ndivyo tulivyopiga sisi walenga shabaha wa zamani, jeshini, wakati mama yako bado ananyonya.

Haya, basi. Sikupiga mimi. Alipiga bibi mmoja wa Kizungu, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwenye nyonga mbili za bandia, ambaye huja hapa kwenye uwanja wa shabaha ninapofagia kila Jumanne na chupa yake ya chai. Mimi nilikwenda kuibandua karatasi na kufagia maganda ya risasi. Jeshini ni kweli nilikuwapo, miaka kumi na moja, ila nilikuwa jikoni. Silaha yangu ilikuwa mwiko. Marehemu bibi yako alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa akicheka kila nikipita Buyenzi na zile buti zangu. Nakuambia wewe kwa sababu nasikia una jambo zito, na uongo kwenye jambo zito ni mchanga kwenye wali: hata uwe punje moja, jino litajua. Placide usimwambie. Placide ananiita Kapteni na kunipa kiti cha mbele cha gari lake.

Huyo Placide, anapopitisha mashuka ya hoteli kwenda kwenye kiwanda cha kufulia huko kwenu Jeppestown, ndiye atakayekuwa posta yetu. Simu sina tena. Waliichukua pale kwenye taa za barabarani za Noord, robot kama wanavyoziita huku. Kijana akaniambia "sharp, mkhulu", yaani poa, babu, kwa adabu kabisa, akaondoka nayo. Na karatasi ninazo tele, kila moja ina matundu, kwa hiyo sentensi ikiruka usidhani nimezeeka.

Placide anasema, na mdomo wake unavuja, kwamba kampuni yenu ya ulinzi inanunua bastola ndogo ya mazoezi, na kwamba wewe ndiye uliyeambiwa uchague. Wewe! Mfungua geti! Niandikie vizuri. Nani amekutuma, na ukikosea inakuwaje?

Wako asiyelenga kitu,
Bakiri bin Duni
Mfagiaji Mkuu (hakuna mfagiaji mwingine)


Jeppestown, 8 Septemba 2024

Amahoro, Babu,

Asante kwa karatasi. Mwanangu Inès ameibandika ukutani, matundu upande wa mbele, kwa hiyo barua yako inasomwa na ukuta.

Naam, ni mimi. Mwezi wa saba tulifanya mtihani wa silaha, watu tisa. Wanane walipita. Mimi mkono ulitetemeka. Mkuu wetu wa mafunzo, Hugues, Mkongo wa Bukavu, alisema bastola kubwa ya kazini inanitisha, kwa hiyo kampuni itanunua moja ya risasi ndogo, hizi wanazoziita tuu-tuu, isiyo na kishindo wala teke. Halafu akasema mbele ya wote: "Achague aliyeshindwa. Ikimfaa huyu, itamfaa hata mwenye mkono mmoja." Wakacheka. Nami nikacheka. Ungefanyaje?

Mtihani wa pili ni tarehe 14 Novemba. Hakuna wa tatu. Nikipita, naingia zamu ya mchana ya kusindikiza mizigo. Nikishindwa, jina langu linatoka kwenye orodha, na getini pia hawanirudishi. Kule wameshaweka mashine. Babu, nimekaa getini miaka sita, usiku mtupu, na Inès analala kwa jirani. Ameshaanza kumwita jirani mama. Anamwita kwa Kizulu, lakini mama ni mama.

Mwenye duka la silaha ataleta tatu uwanjani kwetu tuzijaribu. Moja ni ya silinda ya kuzunguka. Moja ni ya chuma, nzito, ya mtutu mrefu. Ya tatu ni nyeusi, nyepesi, ya plastiki, imefanana na ile kubwa ya kazini kama mtoto na mama yake. Mwenzangu Olive anaipenda ya silinda kwa sababu inamkumbusha filamu. Mimi nimetazama matundu ya ukutani. Yule mwalimu wa hesabu alipiga na ipi?

Nisaidie, nami nitakuwa na deni lako la jambo moja, lolote utakalo, ila kuolewa.

Capitoline


Midrand, 15 Septemba 2024

Bibi harusi mkatili,

"Lolote ila kuolewa." Sasa lililobaki ni nini? Nimeliandika hata hivyo.

Sikiliza. Wapigaji wanajua bastola kwa mbele, mimi nazijua kwa nyuma na kwa chini, kwenye sakafu. Miaka kumi na tatu nafagia kilichotemwa. Mwenye duka atakusifia kilichotoka mtutuni. Muulize mfagiaji kilichobaki.

Risasi ya tuu-tuu ni kitu kidogo, unene wa kalamu ya shule. Baruti yake ya kuwashia haikukaa katikati ya kitako kama ya zile kubwa. Imepakwa ndani ya ukingo, pembeni. Pini ya bastola inagonga ukingo huo. Siku nyingine inagonga mahali ambapo baruti haikufika, risasi inanyamaza. Ndizo ninazoziita bubu. Naziokota kwa kikopo chekundu, na mkuu wangu anaziharibu kwa mkono wake. Bubu inanyamaza kwenye bastola yoyote. Kinachotofautiana ni adabu ya bastola baada ya hapo.

Ya silinda haina habari. Risasi moja ikinyamaza unavuta tena, silinda inazunguka, inakuja nyingine. Lakini kuivuta ni kumvuta mbuzi kwenye tope. Kufika tundu la sita mkono umeshuka. Na haikufundishi kujaza magazini, lile kasha la risasi, wala kuifungua bastola ikikwama. Mwambie Olive filamu si kazi.

Ya chuma ndiyo aliyopigia mwalimu wa hesabu, kwa kuwa umeuliza. Ni nzito kama pasi ya mkaa, ukishaiweka mahali imekaa, na inasamehe kila kosa. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Kazini hawatakupa ya kusamehe.

Ile nyeusi nyepesi ina mdomo wa mgonjwa. Ukiilisha risasi za bei ya chini, zile zinazouzwa za kumwaga kwenye boksi, inazitema, inakwama, na kwenye kibanda cha anayeipiga nafagia matusi. Ilishe zenye nguvu kidogo, isafishe, inakula vizuri. Na kila kitu chake, kitufe, kilengeo, mahali pa kidole, kipo palepale kilipo kwenye ile kubwa. Mkono unajifunza nyumba ileile.

Kwa hiyo nyeusi. Na yale matundu yabandue ukutani. Bibi yule angepiga hivyo hata kwa bomba la baiskeli. Bastola hainunuliwi kwa mkono wa mtu mwingine.

Niletewe ndagala wakavu, wale dagaa wa kwetu, kama wapo. Hilo siyo lile deni.

Bakiri bin Duni


Jeppestown, 29 Septemba 2024

Babu,

Ndagala ni hao, wametoka Rumonge, au ndivyo alivyoapa Bushra dukani kwake.

Usikasirike. Nimechagua ya chuma. Jumatano Hugues alinipeleka uwanjani asubuhi, mimi na yeye na mwenye duka. Nilipiga zote tatu. Ya silinda ni kama ulivyosema. Nyeusi nilipata sita kati ya kumi. Ya chuma nilipata tisa! Babu, tisa! Hugues aliishika karatasi kwenye mwanga akasema, "Kumbe." Neno hilo tu, lakini kwa Hugues ni hotuba. Nikawaambia waandike ya chuma. Mimi ninahitaji kitu kinachosamehe. Sina muda wa kitu kinachonifundisha.

Jumamosi tulirudi na kundi zima. Hatukuendelea. Bastola ilikwama.

Inès anakusalimu. Nimemlazimisha, lakini amekusalimu.

Capitoline


Midrand, 6 Oktoba 2024

Capitoline,

Ndagala wametoka Rumonge kweli. Bushra haapi bure. Anakosea mizani tu.

Sasa ile bastola. Ya chuma ikikwama, hukwama kwa namna tatu, na zote tatu nimeziokota. Ama ganda tupu limesimama mlangoni kama bomba la jiko. Ama risasi mpya imepinda pua. Ama ni bubu, ina kovu ukingoni na haikulia. Yako ilikuwa ipi?

Nauliza kwa sababu wewe ni mtu wa kuhesabu. Uliwahi kuniandikia lifti ya jengo lenu iliharibika saa ngapi, ilikuwa imebeba nani na alikuwa ameshika nini. Leo bastola imekwama, chombo kinachoshikilia mkate wako, na huna neno la kuiandikia zaidi ya "ilikwama". Hivyo huandika mtu ambaye hakuitazama.

Nijibu swali lingine, dogo. Jumatano mlipokuwa mnapiga, uwanjani walikuwapo wapigaji wangapi? Na Jumamosi?

Bakiri


Jeppestown, 13 Oktoba 2024

Babu,

Jumatano nilikuwa peke yangu. Jumamosi tulikuwa sita kwenye mstari.

Ilikwama. Naomba usiniulize tena.

Koti ulilompa Placide nimelifua, na kifungo nimekishona.

C.


Midrand, 20 Oktoba 2024

Mjukuu wangu,

Koti limefika. Kifungo umekishona kwa uzi mwekundu kwenye koti la kijivu, nikajua una hasira, nikafurahi. Mwenye hasira bado anapumua.

Sitakuuliza. Nitakusimulia yangu, na ukitaka uichome.

Mwaka 2011 nilipopata kazi hapa, nilimwambia mkuu wangu nilikuwa mwanajeshi. Sikusema jikoni. Akafurahi, akanipa ufagio, akaniambia, "Basi wewe makelele umeyazoea." Nikasema nimeyazoea. Saa tatu asubuhi akaja mteja kibanda cha tatu, akapiga moja. Nakuapia, Capitoline, sikuamua chochote. Niliposhtuka nilikuwa chini ya benchi, tumbo sakafuni, ufagio nimeukumbatia kama mke.

Nikaona viatu. Mkuu ameinama. "Unatafuta nini, mzee?"

Nikasema, "Skrubu."

"Skrubu gani?"

"Ya benchi. Imeanguka."

Sasa yule ni mtu mwema, na mtu mwema ni hatari. Akaenda kuleta kurunzi! Akapiga magoti pamoja nami. Nusu saa, mimi na yeye, tunatambaa chini ya mabenchi kutafuta skrubu ambayo haikuwahi kuanguka. Na Mungu, ambaye naye ana utani wake, akatupa skrubu. Kweli kabisa, ya inchi moja, ina kutu. Mkuu akanipongeza kwa macho yangu makali ya kijeshi.

Nimeitembeza mfukoni miaka kumi na tatu. Nimeifunga ndani ya karatasi hii, angalia isianguke. Siku ukijikuta chini, unatafuta skrubu. Nani atabisha, nawe unayo?

Hiyo ni ya aibu. Ya kuponya ni hii.

Mpishi hawezi kuona kila kitu jikoni. Masufuria kumi yapo motoni na macho ni mawili. Anapika kwa masikio. Anajua hayo ni maji yanachemka, haya ni mafuta yameingiwa na tone, kile ni kifuniko kimeanguka, na hageuki, kwa sababu sauti yenye jina haina haja ya kutazamwa. Nilipoona naweza kufukuzwa, nilianza kuzipa jina. Tuu-tuu ni tone la maji kwenye mafuta: ta! Ile kubwa ya kazini ni kifuniko cha sufuria kinachoanguka kwenye saruji. Bunduki ya marisasi mengi, yanayotoka yote kwa mlio mmoja, ni gunia la viazi limetupwa toka kwenye lori. Mwezi wa kwanza nilifagia nikinong'ona, mafuta, kifuniko, kifuniko, mafuta, viazi. Wateja walidhani nasali. Mwezi wa pili nikaacha kunong'ona. Sijapona, usidanganyike. Bado kiuno kinainama kidogo. Lakini mfagiaji akiinama nani atamshangaa?

Kwa hiyo nadhani mmenunua dawa mkampa mtu asiye mgonjwa. Bastola ya mkono wako haikutishi, ulipiga tisa. Unatishwa na ya jirani. Basi ile ndogo usiishike wewe. Mpe Olive. Wewe simama kando yake mikono mitupu, ageukie shabaha yake apige tone moja moja, nawe useme jina. Ukishachoka kusema, ndipo ushike yako. Kisha wawe wawili. Kisha mmoja wao ashike ile kubwa. Usiruke hatua, hata Hugues akikuna kichwa.

Na kama ni hivyo, ya chuma ya kazi gani? Inasamehe mkono, na mkono wako hauna dhambi. Rudi uchukue nyeusi, ili kila utakapoiinua uwe umeinua ya kazini. Itabidi umwambie Hugues umekosea kuchagua, na umwambie kwa nini. Najua. Ningekuwa mimi ningemwambia skrubu. Lakini mimi sikuwa na mtihani tarehe 14.

Bakiri


Jeppestown, 3 Novemba 2024

Babu,

Nimesoma barua yako mara nne, ya kwanza nikiwa nimesimama kwenye ngazi. Nilicheka pale kwenye kurunzi hadi jirani akafungua mlango.

Haya. Kwetu Kamenge, baba alitufundisha sheria tatu kabla hatujajua kuandika. Mlio wa kwanza, lala. Wa pili, tambaa chini ya kitanda. Wa tatu, usimwite mtu. Tulizijua kama wenzetu wanavyojua wimbo wa shule. Mwezi wa saba kwenye mtihani mkono haukutetemeka: aliyekuwa kushoto kwangu alipiga kabla yangu, nikalala. Nikiwa na bastola iliyojaa mkononi, Babu. Msimamizi aliandika neno moja: ameshindwa. Jumamosi ile pia nililala, na wote wakadhani ni bastola yangu imenitisha. Hakuna kilichokwama.

Nilimwambia Hugues Jumatatu. Nilitaka kumwambia faragha, lakini yeye hana faragha, alikuwa anagawa makoti ya mvua mbele ya wote. Nikasema, "Mkuu, nilikosea kuchagua. Mimi siogopi bastola yangu. Nalala nikisikia ya mwenzangu." Nikangoja wacheke.

Mwenzetu Steve akaanza, "Unalala kama..." Hugues akainua kidole kumkatiza. Kisha Hugues akasema, akiendelea kuhesabu makoti, "Nyinyi nimewafundisha miezi minane. Hamjajiuliza kwa nini nafundisha nikiwa nimeegemea nguzo?"

Akamrushia Olive koti lake.

"Mnadhani ni mapozi," akasema. "Haya, koti la nani hili?"

Mwenye duka alikuwa bado hajakamilisha makaratasi, akakubali tubadilishe. Tumechukua nyeusi. Olive ndiye anayeipiga, nami nasimama kando. Siku ya kwanza nilisema "mafuta" mara arobaini, na kila mara nikainama. Siku ya tatu Olive aliniuliza kama kuna chapati. Juzi Steve alipiga ile kubwa upande wa pili nikasema "kifuniko", akaudhika. Anasema yeye hajawahi kuitwa kifuniko. Tangu hapo anaomba apewe jina zuri zaidi.

Nyeusi ilikataa risasi za kumwaga, kama ulivyosema. Tumebadilisha, sasa inakula. Mkono wangu unapata saba, siku nyingine nane. Haisamehi. Bado siku kumi na moja.

Skrubu ninayo. Iko kwenye mfuko wa kifuani wa sare.

Capitoline


Jeppestown, 15 Novemba 2024

Babu Bakiri,

Nakuandikia kwa haraka, Placide anapiga honi.

Risasi kumi na tano, zinatakiwa kumi na mbili ndani. Kushoto kwangu walimweka mwanamume mkubwa wa kampuni nyingine, wa bunduki ya marisasi mengi. Alipiga kabla sijainua mkono. Magoti yakaniambia, lala. Nikasema, "viazi". Nikasema kwa sauti, Babu. Msimamizi akaniuliza, "Umesema?" Nikamwambia, "Nipo tayari."

Kumi na tatu.

Ameandika kwenye fomu: anasimama vizuri. Nimeomba wanipe ile karatasi ya shabaha, wamenipa.

Zamu yangu ya kwanza ya mchana ni Jumatatu. Jana jioni Inès alinikuta nyumbani napika, akauliza kama nimefukuzwa kazi.

Capitoline


Midrand, 18 Novemba 2024

Kwa askari Capitoline, mwenye kusimama vizuri,

Barua yako nimeisoma mbele ya mwalimu wa hesabu, nikamtafsiria. Akauliza, "Kumi na tatu kati ya kumi na tano?" Akafikiri, akatoa asilimia kichwani, akanywa chai. Kisha akasema yeye pia mlango ukibamizwa huruka, tangu mume wake alipopigwa risasi kwenye gari lao mwaka wa tisini na nne. Miaka kumi na tatu namfagilia kibanda, sikujua. Nikamwambia mlango ni kifuniko. Akasema hapana, kwake yeye mlango ni mlango. Si kila mtu ni mpishi.

Mkuu wangu naye ameniuliza mbona siku hizi napapasa mfuko wangu kama niliyeibiwa. Nikamwambia nimepoteza skrubu. Akaenda kuleta kurunzi. Nimemzuia mlangoni.

Skrubu usiirudishe. Kwenye kundi lijalo atakuwapo mmoja, mwanamke au mwanamume mwenye ndevu zake, ambaye bastola yake "itakwama". Usimuulize sana. Mpe.

Hugues msalimie. Mwambie mimi natumia ufagio, ila nguzo pia ni njia nzuri.

Sasa tuje kwenye lile deni. Usijifanye umesahau, uliliandika kwa mkono wako tarehe 8 Septemba, na barua ninayo, ingawa ndagala wameichafua. Lolote, ila kuolewa. Nimefikiri miezi miwili. Nilitaka koti jipya, nikaona uzi mwekundu unanipendeza. Nilitaka radio, nikaona masikio yangu yameshasikia ya kutosha.

Nataka karatasi ile ya mtihani. Matundu kumi na tatu ndani na mawili nje. Najua Inès ameshaitengea nafasi ukutani. Mpe ile ya mwalimu wa hesabu aendelee nayo, ndiyo nzuri zaidi kwa mapambo. Hii nipe mimi. Ijumaa Placide akija, nitaishika mkononi nikiwa nimekaa kiti cha mbele, nimweleze jinsi Kapteni alivyopiga, na yale mawili ya nje nitasema ni upepo.

Na wewe akikuuliza, kohoa tu.

Bakiri bin Duni